Mfumbaji na Mfumbuaji: Nani Ahukumiwe?



Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Methali hii twaipenda, maana kila mmoja wetu akiisikia hujiweka upande wa mwerevu. Lakini mimi nimeifikiri mara nyingi, nikaona ya kuwa yasema habari za mtu mmoja na kunyamaza habari za mwingine. Yamhukumu anayefumbiwa, ama ni mjinga ama ni mwerevu; yule aliyefumba haulizwi neno. Je, kama fumbo lenyewe ni bovu? Kama limefungwa hata mwerevu wa werevu hana pa kulishika, mjinga ni nani hapo?

Swali hili nataka tulitazame pamoja, na tulitazame katika mchezo mmoja wa Waingereza, yaani kufumbua mafumbo ya maneno kwa kushindana. Huko Uingereza mchezo huu una waamuzi, una saa, una washindi ambao majina yao huandikwa magazetini. Hapana ubaya katika hayo. Lakini kila shindano ni hukumu, na kila hukumu yafaa ichunguzwe kama ni ya haki.

Fumbo la maneno wengi wenu mmeliona. Ni mraba uliogawanywa vyumba vidogo vidogo, vingine vyeupe na vingine vyeusi, na kila chumba cheupe chataka herufi moja. Maneno mengine huandikwa kwenda kulia, mengine kwenda chini, nayo hukatana, hata herufi ya neno hili huwa pia herufi ya neno lile. Kando yake huandikwa vidokezo vyenye namba. Aliyeuanzisha mchezo huu ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Fumbo lake la kwanza lilichapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Vidokezo vya siku zile vilikuwa maana tupu. Ukiambiwa "mnyama mwenye mkonga," waandika tembo, basi umekwisha.

Waingereza walipoupokea mchezo hawakuridhika na wepesi huo. Gazeti la Daily Telegraph lilianza kuchapa mafumbo mwaka 1925, na The Times mwaka 1930. Lakini aliyeyageuza kabisa ni Edward Powys Mathers, mfasiri wa mashairi ya nchi za mashariki, ambaye tangu mwaka 1926 alikuwa akitunga mafumbo ya gazeti la The Observer. Yeye aliacha kutoa maana tupu, akaficha kila neno. Naye alijiita Torquemada, jina la mkuu wa baraza lililowatesa watu wa Hispania zamani kwa ajili ya imani yao. Alipofariki mwaka 1939 alirithiwa na D. S. Macnutt, mwalimu wa lugha za Kilatini na Kiyunani, naye akajiita Ximenes. Na mwaka 1972 akafuata Jonathan Crowther, aliyejiita Azed, yaani jina Deza likisomwa kutoka mwisho. Ximenes na Deza nao walikuwa wakuu wa baraza lile lile. Hapo mwaona tabia ya mchezo huu: mfumbaji hujiita mtesaji, na wasomaji hulipa fedha yao ili wateswe!

Sasa sharti nieleze jinsi kidokezo cha kuficha kinavyofanya kazi, maana bila hayo hamtaweza kuhukumu pamoja nami. Kidokezo kizuri kina sehemu mbili. Sehemu moja ni maana ya neno, kama ilivyo katika kamusi. Sehemu ya pili ni njia nyingine ya kufika kwenye neno lile lile, kwa kuzicheza herufi zake. Sehemu hizo mbili huunganishwa ziwe sentensi moja yenye sura ya kitu kingine kabisa, ili msomaji adhani anaambiwa habari fulani, kumbe anaambiwa nyingine. Mifano ya Kiingereza haitatufaa, kwa hiyo nimetunga minne kwa Kiswahili.

Wa kwanza: "Desturi za wazee ni mali iliyovurugwa." Herufi 4. Ukisoma upesi wadhani ni mtu anayelaumu mambo ya kale. Lakini tazama: "desturi za wazee" ndiyo maana, na "mali iliyovurugwa" ndiyo njia. Chukua herufi za neno MALI, uzivuruge, upate MILA.

Wa pili: "Ndani ya mwalimu mna chakula." Herufi 4. Wanafunzi wangu walicheka, wakidhani nasema habari za tumbo langu. Lakini liandike neno MWALIMU, kisha utazame katikati yake: M, kisha WALI, kisha MU. Chakula kimo ndani kweli.

Wa tatu: "Ali akigeuka nyuma aona kasoro." Herufi 3. Lisome jina ALI kutoka mwisho kuja mwanzo, utapata ILA, na ila ndiyo kasoro.

Wa nne: "Mwenyeji wa pwani akwambia usiondoke." Herufi 3. Hapa herufi hazikuchezwa hata kidogo. Ni neno moja lenye maana mbili. Mwenyeji wa pwani ni KAA, yule mwenye magamba na miguu mingi, na mtu asiyetaka uondoke hukwambia, "Kaa!"

Namna hii ya nne si ngeni kwetu. Watunzi wa mashairi wa pwani wameitumia tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alisifika kwa kufumba maneno hata wajuao wakaelewa na wasiojua wakapita. Basi tusidhani ya kuwa Waingereza wamevumbua akili mpya. Walichofanya wao ni kuifunga akili hiyo katika vyumba vya mraba, wakaiwekea sheria.

Na sheria hizo ndizo moyo wa jambo letu. Katika siku za Torquemada mfumbaji aliweza kuficha apendavyo. Baadaye akatokea A. F. Ritchie, kasisi na mwalimu mkuu wa shule ya kanisa kuu la Wells, ambaye kwa herufi za mwanzo wa jina lake alijiita Afrit, jina ambalo kwa Kiswahili ni afriti. Ni ajabu kasisi kujiita afriti, lakini afriti huyu ndiye aliyeleta haki. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1949 alifundisha kwamba mfumbaji hafungwi na sura ya maneno yake, lakini afungwa na maneno yenyewe. Kwa kusema kwangu mimi, ana ruhusa ya kukuonyesha njia ya uongo, lakini njia ya kweli nayo sharti iwepo, iandikwe mbele ya macho yako. Macnutt, yaani Ximenes, akaifuata kanuni hiyo kwa ukali, na mwaka 1966 akaandika kitabu kizima juu ya ufundi wa kutunga mafumbo. Kwake yeye kila neno katika kidokezo sharti liwe na kazi yake, na maana iliyotolewa iwe sahihi.

Tujaribu sheria hii. Tuseme nimekuandikia, "Mwalimu ana njaa," herufi 4, nikataka ujibu WALI. Je, ni haki? Mimi najua nilivyokusudia: mwenye njaa ataka chakula, na chakula kimo katika neno mwalimu. Lakini hayo yote yamo kichwani mwangu, hayamo katika maneno yangu. Sikukuambia utazame ndani, wala sikukupa maana ya wali. Ukishindwa hapo, hukushindwa na akili yangu. Umeshindwa na siri yangu.

Jambo hili ni la kale sana. Msomaji wa Biblia alijua tangu siku za Samsoni, katika sura ya 14 ya kitabu cha Waamuzi. Hilo nalo lilikuwa shindano kamili: lilikuwa na zawadi, mavazi thelathini ya kitani na mavazi thelathini ya kubadili, lilikuwa na muda, siku saba za karamu, na lilikuwa na washindani thelathini. Lakini fumbo lenyewe lilikuwa juu ya asali iliyopatikana ndani ya mzoga wa simba, jambo aliloliona Samsoni peke yake, ambalo hata wazazi wake hakuwaambia. Katika maneno ya fumbo lile hapakuwa na njia ya kumfikisha mtu kwenye simba na asali. Basi matokeo yake yakawaje? Washindani walimtisha mkewe kwa moto, mke akalia mpaka akapewa siri, akaitoa. Na Samsoni akaenda Ashkeloni akawaua watu thelathini ili apate mavazi ya kulipa. Twazoea kuwalaumu wale vijana kwa hila yao, nao walistahili. Lakini nani aliyeanza? Fumbo lisilo na mlango huwafundisha watu kuvunja ukuta.

Baada ya hayo tuyatazame mashindano yenyewe ya Waingereza. Nitayataja matatu.

La kwanza ni la mwaka 1942, wakati wa vita. Barua zilikuwa zikilifikia gazeti la Daily Telegraph, zikisema kwamba mafumbo yake ni mepesi mno, ya kumalizika kwa dakika chache tu. Bwana mmoja aitwaye W. A. J. Gavin, mwenyekiti wa chama cha Eccentric Club cha London, akaahidi paundi 100 kwa mfuko wa mabaharia wa meli za kutegua mabomu ya baharini, iwapo atapatikana mtu wa kumaliza fumbo kwa dakika 12 mbele ya mashahidi. Basi mwezi wa Januari mhariri akawaalika wenye kutaka waje katika ofisi za gazeti, mtaa wa Fleet Street, akawakalisha mezani, saa ikaanza.

Aliyemaliza wa kwanza alitumia dakika 6 na sekunde chache. Lakini fumbo lake lilipokaguliwa, lilionekana neno moja lililoandikwa vibaya, akaondolewa. Ushindi ukaenda kwa mwingine aliyetumia dakika 7 na sekunde 57 na nusu, naye akapewa zawadi ya kiwashio cha sigara. Palikuwa na mtu mwingine tena, ambaye asubuhi ile ile, ndani ya treni ya kwenda kazini, alikuwa amemaliza fumbo la siku hiyo kabla ya dakika 12 kutimia. Lakini hapo mezani, kengele ilipolia, alikuwa amebakiwa na neno moja. Kwa hukumu ya saa, huyo alishindwa.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Baada ya majuma kadhaa baadhi ya wale washindani walipata barua za siri kutoka kwa wakuu wa vita, zikiwaita kwa ajili ya kazi ya maana kwa taifa. Na huyo aliyebakiwa na neno moja alikuwa miongoni mwao. Alipelekwa Bletchley Park, mahali ambapo barua za adui zilizoandikwa kwa maandishi ya siri zilikuwa zikifumbuliwa, akawekwa katika kazi ya maandishi ya Wajerumani yaliyohusu hali ya hewa. Kazi ya namna hiyo haikuwa Uingereza tu. Mwaka 1942 kundi la wafumbuaji waliotoka Colombo walihamia Kilindini, Mombasa, wakaketi katika majengo ya shule ya Allidina Visram wakisikiliza na kufumbua habari za meli za Wajapani.

Watu hupenda kusimulia kwamba shindano la 1942 liliandaliwa tangu mwanzo kwa hila, ili kuwanasa wenye akili. Chanzo chake, kama mlivyoona, kilikuwa ubishi wa magazetini. Wakuu walikuja baadaye. Lakini kwangu jambo la kujifunza ni jingine. Saa ilimhesabu mtu yule kuwa ameshindwa, na waliokuwa na haja ya kweli ya mfumbuaji wakamwita. Hawakumtaka mtu wa dakika 12. Walimtaka mtu ambaye, akipewa karatasi isiyosomeka, hatasimama mpaka imesomeka.

Shindano la pili ni lile la gazeti la The Times, lililoanzishwa mwaka 1970. Mshindi wake wa kwanza alikuwa Roy Dean, mtumishi wa serikali katika mambo ya nchi za nje. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, katika chumba cha redio ya BBC, alimaliza fumbo la The Times kwa dakika 3 na sekunde 45. Baada yake akaja Dakta John Sykes, aliyeshinda mara 10 kati ya miaka 1972 na 1990. Huyu alikuwa mtunza kamusi wa Oxford, na ndiye mhariri wa kamusi fupi ya Oxford iliyotoka mwaka 1976. Tena alifasiri vitabu vya elimu ya fizikia kutoka Kirusi. Washindani hawaruhusiwi kufungua kamusi. Lakini Sykes hakuhitaji kuifungua, kwa kuwa alikuwa akiandika kamusi kazini na kuibeba kichwani nyumbani. Katika miaka ya baadaye Mark Goodliffe naye ameshinda zaidi ya mara 10.

Mashindano haya yana kanuni moja ambayo naisifu kwa moyo wote: usahihi huja mbele ya upesi. Mtu aweza kuinua mkono kwanza, lakini kosa moja humrudisha nyuma ya aliyekawia akapata yote. Sisi walimu yafaa tuikumbuke kanuni hiyo, maana mara nyingi mtoto ajibuye upesi humsifu kabla hatujasikia alichojibu.

Hata hivyo, karibu na dakika 3 na sekunde 45 za Roy Dean, kitabu cha Guinness kiliandika habari nyingine. Mwezi wa Mei 1966 gazeti la The Times lilipata barua ya mama mmoja aliyekuwa Fiji, akieleza kwamba amemaliza fumbo lao lililochapwa tarehe 4 Aprili 1932. Miaka 34! Wengi huzisoma habari hizi mbili na kucheka ya pili. Mimi sicheki. Namwuliza msomaji: fumbo gani limetunzwa zaidi, lililomezwa kwa dakika nne, au lililokaa na mtu miaka 34 wala asilitupe? Sisemi mama yule apewe kombe. Nasema saa haikuumbwa kupima kitu alichokuwa nacho.

Na hapo ndipo lilipo kosa la shindano la saa. Si kwamba laharakisha. Kila mbio ina haraka yake, na methali ya haraka kukosa baraka haitoshi kuihukumu. Kosa lake ni kwamba huwafanya watazamaji wadhani mezani pameketi mtu mmoja tu, yaani mfumbuaji. Kumbe wameketi wawili. Mfumbaji naye yupo, ingawa hatumwoni. Na gazeti la The Times, kwa desturi yake, halitaji majina ya watungao fumbo lake la kila siku. Mmoja ana jina, kombe na picha. Mwingine hana hata jina. Saa ikisema, "Huyu ametumia dakika 8," haisemi kama zile dakika 8 alikuwa akishindana na akili safi au akipapasa gizani.

Nimelijua jambo hili kwa aibu yangu mwenyewe, wala si kwa kusoma. Siku moja niliwaletea wanafunzi wangu mchezo huu, nikaweka saa yangu juu ya meza. Nikaandika ubaoni, "Mali iliyovurugwa. Herufi 4." Nilikuwa nimesahau kuandika sehemu ya kwanza, ile ya desturi za wazee, kwangu ilikuwa dhahiri, maana jibu nililijua. Kabla ya nusu dakika kijana mmoja akapaza sauti, "Mila!" Nikamsifu mbele ya wote, nikamwandikia alama zote. Wengine wakaandika alivyosema.

Msichana mmoja hakuandika. Aliinama juu ya daftari lake mpaka saa ikaisha, nami nikamwandikia sifuri kwa wino mwekundu. Jioni, nikikusanya madaftari, nikaliona lake. Alikuwa ameandika maneno matatu, moja chini ya jingine: MILA, LIMA, LAMI. Na chini yake, kwa herufi ndogo, "Mwalimu, ni lipi?"

Niliketi nikilitazama daftari lile kwa muda. Alikuwa amefumbua kuliko wote, tena kuliko mimi niliyefumba. Herufi za mali zikivurugwa hutoa mila ya wazee, na lima ya mkulima, na lami ya barabarani. Na katika maneno yangu hapakuwa na neno la kuchagua moja kati ya hayo. Yule kijana mwepesi hakujua. Alibahatisha neno lililokuwa moyoni mwangu. Alama ya sifuri ilinistahili mimi. Kesho yake nililirudisha daftari mbele ya darasa, nikaikata sifuri kwa wino ule ule mwekundu, nikaeleza sababu. Kijana hakunung'unika. Msichana hakusema neno. Lakini tangu siku ile, nikiandika swali ubaoni, yeye hulisoma kwanza mpaka mwisho, kisha hunitazama mimi.

Basi nije kwenye shindano la tatu, ambalo kwangu ndilo bora, ingawa halina saa wala kelele. Ni lile lililoendeshwa na Ximenes katika The Observer, na Azed akalishika baada yake. Humo mfumbuaji alipokwisha kufumbua fumbo zima, kazi yake ilikuwa haijakwisha. Alipewa neno moja, akaambiwa, "Sasa litungie kidokezo wewe." Alitunga, akatuma kwa posta. Naye mtunzi mkuu alivipima vidokezo vya wote, akavisifu vilivyo vizuri, na kuwachapia washindani karatasi ya maelezo yenye kuonyesha makosa, hili halina haki, lile lina neno la ziada, jingine maana yake si sahihi. Hapo mtu hakuhukumiwa kwa kufungua tu, bali kwa kufunga pia. Naye aliyekuwa akilalamika, "Fumbo hili ni la uonevu," aliona jinsi ilivyo vigumu kuficha jambo bila kudanganya.

Hukumu yangu basi ni hii. Shindano la saa ni zuri kwa furaha yake, na kwa kanuni yake ya kuweka usahihi mbele. Washindi wake ni watu wa akili nyingi, wala sitawapunguzia heshima. Lakini ni nusu ya hukumu, kwa kuwa lamweka mmoja kizimbani na kumwacha mwenzake aende zake. Shindano la kutunga hukamilisha nusu ya pili. Anayetaka kuujua mchezo huu vema na aanze kwa la kwanza akitaka, lakini asikome hapo.

Nanyi mlio na watoto nyumbani, jaribuni hivi jioni, chakula kikiwa bado jikoni. Mtoto akikitegua kitendawili, msimsifu tu. Mwambieni, "Sasa tega wewe, na utuonyeshe mlango wake uko wapi." Mtaona atakavyonyamaza, atakavyofikiri, atakavyotega vibaya mara mbili na vizuri mara ya tatu. Katika kunyamaza huko atajifunza kwamba maneno ni amana: waweza kuyafunika, lakini huna ruhusa ya kuyatoa ndani kitu ulichoahidi kwamba kimo.

Tena mtu mzima akikufumbia jambo, katika baraza au katika mkataba, nawe ukashindwa kulielewa, usikimbilie kujiita mjinga. Lisome tena mpaka mwisho, ukatafute mlango. Ukiukuta, mshukuru. Usipoukuta, mwulize kama alivyouliza msichana yule, bila hasira na bila hofu: "Bwana, ni lipi?" Aliyefumba kwa haki atakuonyesha. Aliyefumba bila haki atakasirika, nawe utakuwa umelifumbua fumbo lake.